Umeme wa Njia Moja, Mashine ya Njia Tatu

Ubavuni mwa kila mota ya lethi kuna kibao cha bati, na fundi anayeijua kazi yake hukisoma kabla ya kuuliza mashine ina shida gani. Hukifuta grisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha huilaza tochi ya simu pembeni ili mwanga upite juu ya herufi zilizofifia na kuziinua. Volti 230/400. Ampea 8.3/4.8. Kilowati 2.2. Hezi 50. Mizunguko 1,420 kwa dakika. Huzinakili kwenye daftari, moja baada ya nyingine, hata kama ni mota ya aina aliyoifunga mwezi uliopita. Kila uamuzi utakaofuata, kuanzia sanduku la kununua hadi unene wa waya, utatoka kwenye mistari hiyo michache.

Nimekuwa nikiwatazama mafundi wa namna hii kati ya Bukoba na Muleba, kilomita 70 hivi za barabara inayopita migombani na kahawani, na naamini kazi yao haijasifiwa inavyostahili. Wanachofanya ni kuichukua mashine ya kukereza iliyojengwa kwa ajili ya kiwanda chenye umeme wa njia tatu na kuizungusha kwa umeme wa njia moja, ule ule unaowasha taa na redio. Katikati ya viwili hivyo hukaa inveta. Siyo ile ya sola, ambayo kazi yake ni kuleta umeme wa nyumbani usiobadilika kutoka kwenye betri. Hii ni ya mota: hupokea volti 230 za njia moja, huzigeuza kuwa umeme mnyoofu wa volti 325 hivi, kisha huukatakata umeme huo maelfu ya mara kwa sekunde hadi mota inapokea njia tatu kamili, kwa mwendo wowote anaoutaka fundi. Kampuni ya Danfoss ya Denmark ilianza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1968, zikiwa ghali na nzito. Leo ya lethi ndogo unaibeba kwapani.

Kwa nini lethi ihangaikiwe hivyo? Fikiria shafti ya mashine ya kukoboa kahawa imelika kwenye beringi katikati ya msimu, pale Kamachumu. Au bushi ya mtumbwi wa injini imekwisha, na mwenye mtumbwi ametoka kisiwa cha Goziba au Bumbire, na kila siku anayokaa nchi kavu wavuvi wake hawaingii ziwani. Pasipo lethi ya karibu, chuma hicho kinapanda meli usiku kwenda Mwanza, na kurudi kwake hakuna anayekujua. Lethi yenyewe inaweza kuwepo. Za mitumba zipo, nzito, zenye chuma kizuri cha kumwagwa, na bei yake si ya kutisha ukilinganisha na mpya. Kinachokwamisha ni kwamba karakana ina mita ya LUKU ya njia moja, na kuvuta njia tatu kunadai nguzo, nyaya na fedha ambazo mwenye karakana hana.

Hapo ndipo wengi hukimbilia dukani kununua inveta. Fundi mzuri hakimbilii. Nimemsikia mteja wa makamo akimwambia fundi wake kwa furaha, "Waitu fundi, wamesema hii inabeba hospawa tatu." Fundi akalipokea sanduku kwa mikono miwili, akaligeuza. "Hospawa ni za mota, mzee wangu. Sanduku naomba liniambie linatoa ampea ngapi."

Jibu hilo lina elimu kubwa ndani yake. Mota hainywi hospawa, inakunywa ampea, na transista zilizo ndani ya inveta huungua kwa ampea. Mota ya kibao nilichokitaja, ikifungwa kwa volti 230, inahitaji ampea 8.3 ikiwa na mzigo kamili, kwa hiyo sanduku litoe ampea 10 au zaidi, na zile za kilowati 2.2 zilizotengenezwa kwa uaminifu hutoa hivyo. Lakini upande wa kuingilia hesabu inabadilika. Kazi ambayo nyaya tatu zingegawana sasa inabebwa na njia moja, tena inaingia kwa vishindo vifupi kila wimbi linapofika kileleni, hivyo ingizo linaweza kukaribia ampea 24. Waya wa soketi ya kawaida hautoshi. Fundi huvuta waya wake mwenyewe kutoka kwenye mita, wa milimita za mraba 4 au 6, na breka yake peke yake. Na mteja akija na inveta iliyoandikwa kwamba ingizo lake ni njia tatu, akitaka ilishwe njia moja, fundi humweleza kwamba baadhi hukubali, ila lazima iwe kubwa karibu mara mbili ya mota, kwa sababu diodi na kapasita zake zitabeba mzigo ambao hazikupangiwa.

Kisha huliangalia sanduku lenyewe kwa macho ya mnunuzi wa ng'ombe. Hulipima uzito mkononi, kwani mapezi ya aluminiamu ya kutolea joto hayadanganyi: sanduku jepesi lililoandikwa namba kubwa litapika transista zake. Huchungulia kapasita kupitia matundu. Huuliza kama lina kitabu cha maelekezo, na kama kitabu hicho kinataja ampea za kuingia na za kutoka, kila moja kwa namba yake. Lisilo na hayo hulirudisha, hata kama ndilo pekee lililobaki dukani. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi, kwa kuwa mteja amekwisha kulipa nauli na ana haraka.

Sasa turudi kwenye ile alama ya mkwaju kati ya 230 na 400, maana ndiyo yenye kazi ndefu kuliko zote. Mota ya njia tatu ina makundi matatu ya koili. Ukiyaunganisha kwa nyota inataka volti 400, ukiyaunganisha kwa delta inataka 230. Inveta ya njia moja haiwezi kutoa zaidi ya ilichopewa, hutoa njia tatu za volti 230 tu. Kwa hiyo mota lazima iwe delta. Ukifungua sanduku la viungio ukakuta skrubu sita na vipande vitatu vya shaba vilivyolala mstari mmoja, umebarikiwa: unavigeuza visimame na kazi imekwisha kwa dakika kumi. Mota iliyoandikwa 400 kwa delta na 690 kwa nyota haiokoleki kwa njia hii, na fundi mkweli husema hivyo mapema ili mteja atafute mota nyingine.

Katikati ya hizo kuna mota za zamani zinazotoa nyaya tatu tu. Nyota yake ilifungwa kiwandani, ndani kabisa ya koili, ikafunikwa kwa vanishi. Hapa huitwa fundi wa kusuka mota, na nikipata nafasi ya kukaa karibu na meza yake siondoki.

Huanza kwa kuweka alama ya patasi kwenye mifuniko ili irudi ilivyokaa. Huitoa rota bila kuiacha ikwaruze koili, akiishika kwa mkono mmoja chini na mwingine kwenye shafti. Halafu hupapasa. Kidole hupita juu ya kichwa cha koili, kwenye kamba zilizofungwa pengine miaka arobaini iliyopita, kikitafuta uvimbe mdogo ambapo nyaya tatu zilikutanishwa. Akiupata, haukati. Huupasha joto polepole ili vanishi ilainike, maana iliyokauka ikivunjwa huondoka na ngozi ya waya, na waya uliochubuka ndani ya mota ni kifo kinachosubiri siku yake. Hufungua kamba kidogo kidogo, hufumua kifundo, na ncha tatu zinajitokeza. Kila ncha huipima kwa mita kujua ni mwenzake nani kati ya nyaya tatu zilizokuwa nje. Hulehemu nyaya mpya zinazostahimili joto, huvisha mirija, hurudisha kamba kwa fundo lile lile alilolikuta, hupaka vanishi na kuiacha mota ikauke kwa joto dogo. Zikitoka nyaya sita badala ya tatu, mota ya 400 imekuwa ya 230, na nje hakuna anayeona tofauti.

Vanishi hiyo mpya ina faida nyingine. Inveta haipeleki wimbi laini, hupeleka mapigo makali yenye kupanda ghafla, na mapigo hayo hushambulia zaidi mizunguko ya kwanza ya koili. Mota ya zamani haikusukwa kwa ajili ya hayo. Kwa upande wa volti 230 mashambulizi ni madogo kuliko ya 400, na fundi huyapunguza zaidi kwa kuweka inveta karibu na mashine ili waya wa mota uwe mfupi, na kwa kutumia waya wenye koti la chuma. Kabla ya kuunganisha hupima kwa mega kama koili zinavujisha umeme, volti 500 kati ya waya na bodi, inveta ikiwa mbali. Aliyesahau kuiondoa akapiga mega ameua transista kabla hata lethi haijazunguka.

Mkoa huu wa Kagera ulijua zamani kwamba kazi ya chuma huamuliwa na maandalizi. Huko Katuruka, jirani na Maruku, na kwenye maeneo ya Kemondo, wanaakiolojia walichimba mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma yenye umri wa takriban miaka 2,000. Mwaka 1976 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya, ambao walikuwa wameacha kazi hiyo kwa miongo mingi, wajenge tanuri tena, na mwaka 1978 walichapisha matokeo katika jarida la Science. Hoja yao kwamba mirija ya udongo iliyoingizwa ndani ya tanuri ilipasha hewa moto kabla haijafika kwenye mkaa imebishaniwa na wataalamu wengine, na ubishi huo una uzito. Kwangu kinachobaki ni mpangilio wa siku: udongo wa kichuguu kwa ajili ya kuta kwa sababu hustahimili moto, nyasi za bwawani zilizochomwa ndani ya shimo, mirija iliyofinyangwa na kukaushwa, mkaa uliotayarishwa. Mivukuto ilikuja mwisho. Mzee aliyepuuza udongo asingeokolewa na nguvu za wavukutaji.

Fundi wa inveta ana udongo wake, nao ni ethi.

Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Usiku upepo wa nchi kavu hukutana juu ya maji, mawingu hupanda, na karibu na alfajiri dhoruba husukumwa kuelekea magharibi, yaani Bukoba na pwani ya Muleba. Ndiyo maana mji hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, nyingi ikinyesha kabla watu hawajaamka. Radi haihitaji kupiga karakana. Ikipiga laini kilomita kadhaa mbali, waya huleta kishindo, na transista ya inveta hufa ndani ya muda usiohesabika. Kwa hiyo kwenye ubao wa kuingilia fundi hufunga kinga ya radi, kifaa chenye vidonge vinavyogeuka njia ya mkato volti zinapozidi na kumwaga kishindo ardhini. Huchagua kilichoandikwa volti 320 badala ya 275, maana usiku wa manane, karakana zote zikiwa zimefungwa, volti hupanda, na cha 275 kinaweza kuanza kuchemka chenyewe bila radi yoyote.

Lakini kishindo humwagwa ardhini iwapo ardhi inapokea. Bukoba imekaa juu ya mawe ya mchanga, na jiwe kavu halipitishi umeme. Fimbo moja ya shaba iliyopigwa nyundo ikagota mwamba kwa futi mbili, ikakatwa na kufunikwa na udongo, ni mapambo. Nimemwona fundi akizunguka nyuma ya jengo akitafuta mahali maji ya bati yanapodondokea, panapobaki na unyevu hata Julai. Alipiga fimbo tatu kwa umbali, akaziunganisha kwa waya mmoja wa shaba usio na kiungo katikati, na pale mwamba ulipokataa alichimba mfereji na kuulaza waya chini kwa mita kadhaa. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko kufunga inveta yenyewe, na ilipofukiwa haikuonekana tena. Ethi ya lethi, ya inveta na ya kinga ya radi zote hukutana sehemu moja. Kila kifaa kikiwa na ardhi yake, kishindo hupita kati yao, na katikati yuko mkerezaji ameshika mpini.

Volti ndogo nazo zina madhara yake. Kwa miaka mingi Kagera ililishwa umeme kutoka Uganda, kupitia laini ya kilovolti 132 inayoingia Kyaka, na karakana iliyo mwisho wa laini ndefu ya kijijini huhisi kila jirani anapowasha mashine ya kuchomelea. Watu wanakijua kile kifaa cha kulinda friji, kinachokata umeme ukishuka au ukizidi na kusubiri dakika chache kabla ya kurudisha. Fundi hutumia kanuni hiyo hiyo, ila kwa kifaa cha kufungwa kwenye ubao kinachoendesha kontakta kubwa, na kontakta hiyo haijirudishi. Umeme ukikatika na kurudi, mtu lazima aje abonyeze kitufe. Na ndani ya inveta huhakikisha kigezo cha kujiwasha chenyewe kimezimwa. Lethi inayoanza kuzunguka peke yake, mkono wa mtu ukiwa bado unaondoa nyuzi za chuma, ni jambo lisilozungumzwa mara mbili.

Mpini wa zamani wa kuwasha na kugeuza mwelekeo hauondolewi. Fundi huchomoa nyaya zake za umeme mkubwa na kuupa kazi mpya ya kutuma ishara ya volti 24 kwenye inveta, hivyo mkerezaji anashika kilekile alichozoea. Hakuna swichi yoyote inayowekwa kati ya inveta na mota, kwani kuukata waya huo mota ikizunguka kunaweza kuchoma transista. Pampu ya maji ya kupoozea hulishwa pembeni, kabla ya inveta, isije ikapewa hezi 20 ikanung'unika hadi iungue.

Vigezo vya kawaida, yaani namba za kibao, hezi ya juu, sekunde za kuondoka, huingizwa haraka. Anapokawia ni kwenye kusimama. Kichwa kizito chenye taya tatu kikiwa kwenye kasi, kikiamriwa kusimama upesi, huigeuza mota kuwa jenereta. Umeme hurudi ndani ya inveta, volti 325 hupanda kuelekea 400, na sanduku hujikata kwa kujilinda. Dawa ni rizista ya breki inayomeza nguvu hiyo kwa joto, ikifungwa juu, mbali na mbao. Lakini kabla ya kuifunga fundi huangalia kichwa kimeshikwaje. Kama ni kile kinachoskrubiwa kwenye thredi ya mhimili, breki kali au kugeuza mwelekeo ghafla kutakifungua, na kilo kadhaa za chuma zitatembea karakanani. Kwa lethi kama hiyo huweka sekunde nyingi za kusimama na huacha rizista dukani. Kwa ile inayobana kwa pini, breki ya sekunde mbili ni neema.

Wakerezaji wageni hupenda kuzungusha kitufe hadi hezi 10 na kuacha gia zipumzike. Fundi huwakataza. Feni ya mota imefungwa kwenye shafti yake, mota ikienda polepole feni nayo inalala, na koili huchemka. Nguvu ya kukata polepole itoke kwenye gia na mikanda, kitufe kitumike kati ya hezi 25 na 60 kutafuta mwendo ule ambao kisu kinaacha kupiga kelele. Ukisikia chuma kikikatwa kwa mwendo huo uliotafutwa, nyuzi zikitoka ndefu na uso ukibaki unang'aa, unaelewa kwa nini mtu aliyezoea ngazi nane za gia hataki kurudi.

Kinachobaki ni uchafu. Unga wa chuma cha kumwagwa hupitisha umeme, na feni ya inveta huuvuta ndani bila kuchagua. Vumbi la makapi ya kahawa hushika mafuta na kuganda kwenye mapezi. Mijusi hupenda joto la sanduku na hufa juu ya saketi. Fundi huifunga inveta ndani ya kabati la chuma, mbali na jiwe la kunolea, hewa ikiingia chini kupitia kichujio cha sponji na kutoka juu, na kila tundu la waya limezibwa kwa kibano cha mpira. Kabati haliegemezwi kwenye lethi inayotetemeka. Hata ukuta wa matofali hukaguliwa kwanza, maana nyumba nyingi za Bukoba ziliachiwa nyufa na tetemeko la Septemba 10, 2016, na mahali pengine husimamisha fremu ya chuma sakafuni.

Ndani ya mlango wa kabati huandika kwa kalamu isiyofutika: vigezo vyote alivyobadilisha, namba za kibao, tarehe, na onyo kwamba baada ya kuzima mtu asubiri dakika kumi kisha apime kapasita kwa mita kabla ya kugusa. Kila mwezi sponji huoshwa. Kila miezi sita skrubu za nyaya hukazwa, kwani shaba hulegea kwa kupata joto na kupoa, na feni husikilizwa. Na kama mwenye karakana ana inveta ya akiba, haiachwi kwenye boksi mpaka ihitajike: kapasita zisizoonja umeme kwa miaka hudhoofika, na zikipewa volti 230 kwa mara moja zinaweza kupasuka. Huiunganisha mara moja kwa mwaka, bila mota, na kuiacha imewaka kwa saa chache. Ile iliyolala zaidi ya miaka miwili huipandishia volti kidogo kidogo kwa transfoma ya kuzungusha, ikitulia kwanza kwenye kila hatua, na tarehe ya zoezi hilo nayo huandikwa ubavuni mwa boksi.